Sahani Yangu Peke Yangu

Fundi wangu wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, ndiye aliyenipa habari kabla ya daktari. Alinizungushia utepe kiunoni, akaandika namba kwenye daftari, akapima tena, kisha akaniinamia ili mteja aliyekaa mlangoni asisikie: "Mama, kikwembe hii haitatosha tena." Ilikuwa yadi sita za kitenge, sare ya arusi ya mpwa wangu, na kwa yadi sita alikuwa amenishonea miaka yote bila kunung'unika. Tukaafikiana aondoe mikono ya kuchanua na mikunjo ya nyuma. Nikatoka nikijiambia kwamba viwanda vya siku hizi vinaiba upana wa kitambaa.

Daktari hakuwa na haya ya fundi. Presha 150 kwa 100, kilo 94, urefu sentimita 163. Akabonyeza simu yake akapata 35, uzito ukilinganishwa na urefu, akaniambia kwa kipimo hicho unene unaohesabiwa kama ugonjwa huanzia 30. Hata hivyo hakunitaka nirudie mwili wa usichana. Alisema nikitoa asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito nilio nao, presha itaanza kushuka. Yaani kilo 5 hadi 9. Nilipomuuliza nitazitoaje, akatupia jicho foleni iliyokuwa nje, akasema, "Punguza bukari, punguza mafuta, tembea." Nikalipa, nikaondoka na maneno matano na kidonge cha presha. Bukari ndiyo ugali wetu.

Hapo katikati, kati ya "punguza" na jinsi ya kupunguza, ndipo wauzaji waliponikuta. Mwezi uleule nilipata njia nne, kama mtu aliyetangaza kwamba anatafuta nyumba. Mwenzangu wa ofisini alikuwa na unga wa kutikisa kwenye chupa, unaoshika nafasi ya chakula cha asubuhi na cha usiku. Wifi yangu alikuwa na chai. Kijana mmoja mwalimu wa mazoezi alikuwa na kundi la WhatsApp la siku 21, dola 20, kila siku picha ya sahani na picha ya tumbo. Na dada yangu mkubwa, aliyehamia Marekani zamani, alikuwa na Weight Watchers, kampuni ya kupunguza uzito, na aliisifu kama mtu anavyolisifu kanisa lake jipya.

Nilianza na unga wa kutikisa. Mwenzangu alikuwa amepungua kweli, hilo sikuweza kulikataa, na zaidi ya hapo alikuwa tayari kunikopesha. Kopo dola 45, siku 15. Wiki ya kwanza mizani ilishuka kilo 3, nikaimba jikoni mpaka watoto wakachungulia. Sikujua kwamba mwili una akiba yake ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo imeshikana na gramu kama 3 za maji. Ukikata chakula ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa mkojo. Mizani inashuka, mafuta ya kiunoni yamekaa tu yanakutazama. Sasa nikisikia ushuhuda wa siku saba huwa nauliza habari ya mwezi wa tano.

Jumamosi alinipeleka kwenye kikao chao. Viti vya plastiki, spika kubwa, watu wanasimama mbele kusema wametoa kilo ngapi. Katikati ya ushuhuda likawa linaingia neno "timu": kilo 12, na timu ya watu 9. Nilipoanza kuhesabu niliona kwamba waliokuwa wakipiga makofi kwa nguvu karibu wote walikuwa wauzaji. Mwenzangu akanieleza kwa upole kwamba nikilipia sanduku la kuanzia nitanunua kwa bei ya chini, na nikileta watu watatu nitakunywa bure. Sisi ofisini kwetu kazi ni kufuatilia malori yanayoingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa hiyo hesabu siogopi. Makopo mawili kwa mwezi ni dola 90, zaidi ya unga wote wa bukari unaoliwa nyumbani kwangu na watu saba. Ili mimi ninywe bure, watatu walipe dola 90 kila mmoja. Nao ili wanywe bure walete tisa. Tisa walete 27. Nikaweka kalamu chini, kwa sababu Katuba nzima, komini yetu, ingekuwa imekwisha kabla mwaka haujaisha.

Simlaumu mwenzangu. Mishahara yetu ilikuwa imechelewa miezi miwili na yeye ana watoto wa kusomesha. Ila tangu siku ile niliacha kumuuliza habari za afya, kama nisivyoweza kumuuliza mwenye gari la kuuza kama injini inakunywa oili.

Nilikunywa wiki sita, nikashuka kilo 5. Kopo la mwisho lilipoisha nilirudi mezani, nikaikuta meza palepale nilipoiacha. Bukari nilikuwa nimeikimbia tu. Jinsi ya kuishi nayo sikuwa nimefundishwa. Miezi mitatu baadaye nilikuwa na kilo 95.

Chai ya wifi nitaisema kwa kifupi, heshima yangu hainiruhusu zaidi. "Yaya, hii inasafisha," alisema. Ilisafisha. Siku ya tatu nikiwa ndani ya basi la kwenda mjini nilishukia Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, mbali na kituo changu, nikabisha kwenye nyumba ya watu nisiowajua. Mama wa nyumba ile, Mungu ambariki, hakuniuliza hata jina. Alininyooshea kidole mlango wa nyuma. Mpwa wangu anayesomea dawa pale UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, ndiye aliyesoma maandishi madogo ya pakiti: sena. Akaniambia majani hayo ni ya mtu aliyefunga choo, na kazi yake inafanyika kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa nyuma huko kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Na kidonge changu cha presha nacho ni cha kutoa maji, kwa hiyo nilikuwa najikausha kwa pande mbili na kupoteza potasiamu, ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila hiyo.

Kulikuwa na awamu ya pili, vidonge visivyo na jina la kiwanda. Mpwa wangu alivishika akavirudisha mezani bila kuvifungua. Kuna dawa ya kukata hamu ya chakula, sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi, na tangu wakati huo wakaguzi wa Marekani wameikuta mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge vinavyojiita vya mitishamba. Labda vya wifi havikuwa nayo. Sikutaka kuwa mimi wa kugundua. Nilimwambia wifi chai imekwisha, sikumwambia ilikwishia wapi.

Kundi la siku 21 nilikaa siku 4. Parachichi, sawa, tunayo. Lakini samaki wa samoni, shayiri, mtindi usio na sukari, kila siku ya Mungu? Menyu ile ilitoka mahali ambapo hawajawahi kuona kapenta, dagaa wetu.

Ikabaki njia ya dada. "Mudogo wangu," alinipigia usiku, "si chakula njo wanauza. Wanauza kikao." Akanisimulia habari ya mwanzilishi, Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, New York, aliyekuwa na kilo kama 97. Alikwenda kwenye kliniki ya unene ya idara ya afya ya jiji, akapewa orodha ya vyakula. Aliifuata mchana, usiku anakula biskuti kwa kujificha. Mwaka 1961 akawaita marafiki sita nyumbani kwake, akakiri habari ya biskuti, na wao wakakiri za kwao. Kampuni ilikuja baadaye, mwaka 1963. Kilo 97! Nilimpenda mama huyo kama jirani. Mimi biskuti sina, lakini kuna mikate ya mafuta ya asubuhi pale kona ya kwetu ambayo nilikuwa nakula nikiwa nimesimama, eti kwa sababu chakula cha kusimama hakihesabiwi.

Dada alinilipia mwezi mmoja wa ile programu ya simu. Kila chakula kina pointi, na wewe una pointi zako za siku. Nikaandika "bukari", haikutambua. Nikaandika "sombe", yaani majani ya muhogo, ikaniuliza kama sijakosea herufi. Hilo si kosa lao, haikutengenezwa kwa ajili ya Katuba. Lakini nilipokuwa nikihangaika nayo niliona jambo ambalo njia zote nne zilikuwa nalo na hakuna muuzaji aliyelisema: zote zinamfikiria mtu anayekula peke yake. Ana sahani yake, pakiti yake, chupa yake. Kwetu wanawake na watoto tunazunguka sinia moja ya bukari na bakuli moja la sombe. Nani anajua amekula kiasi gani? Usiku mmoja niliamua kuhesabu matonge. Nilifika 14, mtoto akaanza kusimulia walivyofukuzwa shule kwa ajili ya karo, hesabu ikapotea, na mkono ukaendelea wenyewe.

Mpwa wangu wa dawa alikuwa ameanza kuifurahia kazi hii. Akaniletea matokeo ya utafiti kutoka Marekani. Mmoja wa mwaka 2005 uligawa watu 160 kwenye njia nne tofauti, Weight Watchers ikiwemo, kwa mwaka mzima. Njia zilikaribiana, tofauti ilikuwa kwa watu: aliyeishika njia yake zaidi ndiye aliyepungua zaidi, iwe njia gani. Mwingine wa mwaka 2015 ulikusanya majaribio mengi ya programu za kulipia. Baada ya miezi 12 watu wa Weight Watchers walikuwa wamewazidi wale waliopewa mafunzo tu kwa angalau asilimia 2.6 ya uzito. Wa Jenny Craig, ile inayouza na chakula chenyewe, kwa asilimia 4.9. Nikapiga hesabu ya kilo zangu. Kilo 2 na nusu. Kilo 4 na nusu. Na hizo ndizo zilizofanya vizuri! Wakati huo kwenye nguzo za umeme za mtaani kwetu kulikuwa na karatasi zinazoahidi kilo 10 kwa siku 21. Nilicheka, halafu nikatulia kwa mara ya kwanza, kwa sababu kilo 4 na nusu kwa mwaka ni kitu ambacho hata mimi naweza kukiwaza.

Jenny Craig yenyewe, iliyoanzia Australia mwaka 1983, ilifunga vituo vyake Mei 2023. Nikawawaza waliozoea kula kutoka kwenye pakiti zake. Na Weight Watchers ya dada, nayo Mei 2025 ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika, ili ijinasue kwenye deni la zaidi ya dola bilioni 1, wakati wateja wengi wakiwa wamekimbilia sindano za kupunguza uzito. Dada aliendelea na kikao chake kama vile hakuna kitu. Mimi mwezi wake ulipokwisha sikuomba mwingine.

Nilichukua kikao, nikaacha pointi. Mtaani kwetu tulikuwa tayari na likelemba ya wanawake watano, yaani kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu. Nikaomba tuongeze kitu kimoja: kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai, kila mmoja apande mizani kwenye sakafu yangu ya saruji, ndipo atoe mchango wake. Zamu ya kupokea haitegemei kilo. Hata ukipanda utapokea. Lakini usipokuja kupimwa, zamu yako inasogea. Franka kidogo tunaweka pembeni kila wiki, na kila baada ya miezi mitatu tunamlipa mtaalamu wa lishe wa hospitali atuone sote asubuhi moja. Sharti lingine lilikuwa kilo za mwenzako zisivuke uzio. Lilivunjwa mwezi wa pili, sokoni, mbele ya watu, na mmoja wetu aliondoka na hajarudi mpaka leo. Tukabaki wanne.

Mtaalamu huyo ni mtu wa maneno machache. Hakutukataza kitu. Alikunja ngumi akasema bukari iwe hivi, mboga ziwe mara mbili ya hapo. Akatuuliza tunatia mafuta kiasi gani kwenye sombe. Tukamwambia tunakadiria kwa macho. Akatuagiza tukapime kwa kijiko. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina kalori kama 120, na kwenye chungu changu nilihesabu vijiko mpaka nikaona aibu kuendelea. Tulishusha hadi nusu, tukaongeza karanga kidogo ili ladha isikimbie. Mume wangu aligundua wiki ya tatu, tena kwa sababu mtoto alimwambia. Soda ya jioni baada ya kazi niliacha bila vita nilipoambiwa chupa ya nusu lita ina gramu kama 50 za sukari. Na siku hizi nashukia Kamalondo, namalizia kwa mguu hadi mjini. Hayo yote yalikuwa mepesi.

Ngumi ndiyo ilikuwa ngumu. Huwezi kupima ngumi ndani ya sinia ya watu sita. Basi jioni moja nilichukua sahani, nikajitengea bukari yangu na sombe yangu, nikakaa palepale mkekani pamoja na wengine. Hakuna aliyesema kitu. Mama mkwe alinawa mikono mapema, akaenda kukaa nje. Nilipomfuata akaniuliza bila kunitazama: "Mama, shi ni sisi tulikukosea? Unakula peke yako sawa mugeni."

Nilimweleza presha, ngumi, mtaalamu. Alisikiliza yote. Akasema mama yake aliwahi kutengewa sahani na watu wa ukoo walipoambiwa ana ugonjwa wa kuambukiza, na alikula peke yake hadi alipokufa, na ugonjwa wenyewe haukuwa ule. Sikuwa na jibu. Kwa wiki mbili nilirudi kwenye sinia, na Jumamosi mbili mizani ilinipandishia.

Aliyetafuta njia ni yeye. Jumapili moja aliingia jikoni, jambo ambalo magoti yake hayamruhusu mara nyingi, akachukua bakuli dogo la chai, akalilowesha maji, akajaza bukari, akaligeuza juu ya sinia. Likatoka bonge la mviringo, laini. Akatengeneza saba, akayapanga duara, bakuli la sombe katikati. Kila mtu na bonge lake, sinia ni ileile. Mume wangu na vijana waliongezewa la pili. Langu alilisogeza mbele yangu kwa kidole: "Hii ya mugonjwa wetu." Watoto wakacheka, nami nikacheka. Tangu siku hiyo bakuli lile ni lake, hakuna mwingine anayeruhusiwa kumimina.

Nyumba nilikuwa nimeitatua, watu wa nje bado. Kwetu mama mwenye mwili ni sifa ya mume wake, na anayekonda lazima aelezwe. Nilipofika kilo 88 nilikwenda kwenye matanga ya jirani, na mama mmoja niliyesoma naye alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko alivyomshika mfiwa. "Unakonda vile, uko mugonjwa? Ao ni bwana?" Nikamwambia nimetaka mwenyewe. Alinihurumia zaidi. Wikiendi ile nilikula michopo ya mbuzi na vipande viwili vya chikanda mbele ya watu, kwa makusudi, waone. Jumamosi iliyofuata nilieleza mbele ya mizani na wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kumbe naye alikuwa amefanya hivyo hivyo kwenye ubatizo.

Baada ya miezi 11 nina kilo 86. Presha mara ya mwisho ilikuwa 135 kwa 85, na daktari amepunguza kipimo cha kidonge, hajakiondoa. Desemba nilipanda kilo 2, Februari zikatoka. Wawili kati yetu wamepungua kama mimi, mmoja hajapungua hata kilo moja, na ndiye asiyekosa Jumamosi hata moja. Mwenzangu wa ofisini aliomba kuja kutuona. Alikuja na mfuko wa makopo, akauacha nje ya mlango pamoja na viatu, akapanda mizani. Alisimama pale muda mrefu. Alipoondoka alichukua mfuko wake, na wiki iliyofuata alirudi bila huo mfuko. Bado anauza, ila kwetu hauzi.

Juzi nilimpelekea fundi ile nguo ya arusi, kiuno kinacheza. Alifurahi kama vile kazi ni yake, akachukua chaki, akapiga mstari, akainua mkasi. Nikamshika mkono. Nikamwambia ashone ndani tu, asikate, upindo abaki nao mpana.